Joji Kasanda, Mgonjwa Aliyekuja Kila Siku

Vijana wa chumba cha kompyuta mmenipigia simu kuniuliza kama mnaweza kuufuta ule mstari. Mnasema mmeikagua programu nzima ya kutuma orodha za wagonjwa, mmeielewa yote isipokuwa pale mwishoni, ambapo kuna amri inayoitwa kasanda. Hakuna kitabu kinachoitaja. Maktaba ya C, ile lugha ya kuandikia programu, yaani mkusanyiko wa amri zilizoandikwa tayari tunaoutumia, haina kitu chenye jina hilo. Mmoja wenu, ambaye sitamtaja kwa kuwa mama yake nasali naye, amesema labda Mama Skola alikuwa amechoka siku ile.

Mama hakuwa amechoka. Mama alikuwa ameaibika, na hayo ni mambo mawili tofauti. Msiufute. Kwa kuwa sasa nimestaafu na nina muda kuliko nyie wote, nitawaandikia ulikotoka, na nitaanzia mbali.

Nilishuka kwenye treni hapa Mpanda nikiwa na begi moja, cheti cha kompyuta na kitabu cha lugha ya C kilichokosa jalada. Maabara ilikuwa na kompyuta moja. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kama kile ambacho watu walikuwa wanaweka juu ya redio sebuleni, na juu ya kitambaa palikuwa na glasi yenye maua mengine ya plastiki. Kabla ya kuingia chumba kile mtu alivua viatu. Nilivua. Nikaomba ruhusa ya kuondoa maua, mhudumu akaenda kuuliza ofisini, na jibu likarudi baada ya chai: maua yaondolewe, kitambaa kikunjwe vizuri, na kuanzia leo mimi ndiye nitakayekifua. Nimekifua kwa miaka mingi. Kipo kwangu, nilikiiba siku ya mwisho ya kazi, na kama mnakitafuta acheni kutafuta.

Aliyenipokea ni Mzee Nswima, fundi wa mashine za maabara, Mfipa mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa simu. Alikuwa amejifundisha C peke yake kwa kusoma miongozo iliyokuja ndani ya maboksi ya mashine, na alikuwa na tabia ya kutafuna karanga juu ya kibodi. Kila mwezi tulikuwa tunaigeuza kibodi juu chini na kuipiga mgongoni, na maganda yaliyotoka yalitosha kuwashia jiko. Alichukia kuulizwa kitu mara mbili. Ukimuuliza mara ya pili alikuwa anakujibu kwa Kifipa, na mimi Kifipa nilikijua cha kusalimia tu, kwa hiyo nilijifunza kusikiliza mara ya kwanza.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Watu wenye kikohozi kisichoisha walikwenda kwenye vituo vya afya huko waliko, wakatoa makohozi kwenye kikopo, na vikopo vikaletwa kwetu kwa pikipiki ndani ya boksi la barafu. Pamoja na vikopo ilikuja orodha ya karatasi yenye majina. Karatasi ilikuja imelowa barafu, na mara nyingi majina yalikuwa yameingiliana hadi Maria na Martin wakawa mtu mmoja. Kikopo ambacho jina lake halipo kwenye orodha hakikupimwa. Kiliwekwa kwenye trei ya plastiki pembeni, ambayo wapimaji waliipa jina la yatima, na baada ya siku kadhaa kiliteketezwa. Sheria hiyo ilikuwa ya haki, maana kumpa mtu majibu ya mwenzake ni kumuua mmoja na kumsumbua mwingine.

Basi tukaamriwa tuache karatasi. Orodha itumwe kwa kompyuta kupitia laini ya simu, na isiweze kusomwa na mtu njiani, kwa kuwa ni siri za wagonjwa. Kituo cha afya cha Kibaoni kikachaguliwa kiwe cha majaribio. Mzee Nswima akanitazama juu ya miwani yake akasema, "Skola, hiyo ni yako. Mimi macho yamekwisha."

Nyie mmekuta vichujio tayari vimeungwa, mnavitumia kama mtu anavyofungua bomba. Mimi ilibidi nielezwe. Maktaba ile inakupa vichujio, na kila kichujio kina kazi moja. Kimoja kinaficha maneno yawe siri. Kingine kinachukua ile siri, ambayo ni takataka tupu kwa macho, na kuigeuza herufi za kawaida ambazo laini ya simu haiwezi kuzikataa. Unaviunga kimoja nyuma ya kingine, na chini kabisa unaunga laini yenyewe. Ukiandika, maneno yanateremka kupitia vyote hadi kwenye laini. Ukisoma upande wa pili, yanapanda kwa njia ileile, kila kichujio kinavua kile kilichovalishwa. Wiki ya kwanza niliviunga kinyume, herufi juu na siri chini. Siri mbichi ikaingia kwenye laini, na kila nilipotuma, simu ilijikata yenyewe. Siku mbili nzima nilikuwa nawalaumu watu wa simu, nikawaandikia hata barua. Sikuwahi kuwaomba radhi, na leo hii nimeshasahau anuani yao.

Mzee Nswima aliona siri na herufi nimezielewa, akasema kuna jambo la tatu ambalo haliko kwenye kitabu kwa herufi kubwa. Akanichukua tukaenda mashine ya kusaga pale Misunkumilo, wakati wa kazi, na kwenye daftari la kutoka akaandika kwamba tumekwenda kukagua vifaa. Tukasimama mlangoni tukitazama akina mama wakisaga. Kila mmoja mahindi yake yalipokwisha, hakuondoka. Alilishika lile soksi la kitambaa ambalo unga unatokea, akalikung'uta kwa nguvu, mara tatu, mara nne, mpaka unga wa mwisho ukaangukia kwenye ndoo yake.

"Asipokung'uta?" Mzee aliniuliza.

"Unga wake unabaki mle ndani."

"Na vichujio ni hivyohivyo. Vinapenda kukusanya. Kile cha siri hakifanyi kazi mpaka kipate fungu kamili. Kinachobaki mwishoni kinakaa nacho kinasubiri kingine. Ukifunga laini bila kukung'uta, kimekufa nacho. Umesikia?"

Nilisikia. Nikarudi ofisini nikaandika amri ya kukung'uta siku hiyohiyo, kwa fahari kubwa. Niliiandika kwenye upande wa Mpanda, upande wa kusoma, ambako haihitajiki hata kidogo. Upande wa Kibaoni, upande wa kutuma, sikuandika kitu. Mtu mwenye akili atajiuliza jambo hilo liliwezekanaje, na mimi pia nimejiuliza.

Niliijaribu programu mara nyingi. Nilitunga orodha za wagonjwa wa uongo, na ili nione vizuri orodha inapoishia, chini kabisa niliweka mstari wa nyota, nyota arobaini hivi. Majina yote yalifika. Nyota hazikufika zote, nyingine zilikatika katikati, nikasema ni kioo cha kompyuta hiki kimezeeka. Nikaandika kwenye ripoti kwamba mfumo uko salama. Mzee Nswima akasaini, akastaafu, akaenda zake Sumbawanga na karanga zake.

Kibaoni aliyekuwa anapokea wagonjwa na kuandika orodha aliitwa Ladislaus, Mpimbwe wa hapohapo, mtu mpole wa kwaya, mwandiko wake mzuri kuliko wa chapa. Nilimfundisha kutumia kompyuta kwa siku mbili, na siku ya tatu alikuwa ananirekebisha mimi. Nilirudi Mpanda nikiwa na amani na nusu gunia la mchele.

Baada ya wiki mbili akapiga simu.

"Dada Skola, kuna mgonjwa majibu yake hayajarudi."

"Ulimwandika?"

"Nilimwandika."

"Hebu angalia vizuri, Ladi. Labda hukubonyeza."

Mwezi uliofuata akapiga tena, mgonjwa mwingine. Nikamwambia labda umeme ulikatika katikati. Alipopiga mara ya tatu nilimwambia, kwa ile sauti ambayo watu wa kompyuta tunayo na ambayo hata nyie naisikia mkiitumia, kwamba mashine haikosei, anayekosea ni mtu. Akasema, "Sawa, dada," akakata simu. Hakupiga tena, nami nikafurahi kwamba tatizo limekwisha.

Huku kwetu trei ya yatima ilikuwa inapokea kikopo kimoja kutoka Kibaoni karibu kila siku. Wapimaji walisema watu wa Kibaoni ni wazembe. Halafu ghafla vikopo yatima vikaisha. Kwenye kikao cha mwisho wa mwaka tukampongeza Ladislaus kwa kuacha uzembe, na akapigiwa makofi. Aliinamisha kichwa, na sisi tukasema ni unyenyekevu.

Ukapita mwaka na zaidi. Wakubwa wakataka kituo cha Litapunga nacho kiingie kwenye mfumo. Mtandao wa Litapunga wakati huo ulikuwa unapatikana ukipanda kwenye kichuguu, kwa hiyo niliamua kuongeza kichujio cha tatu, cha kubana orodha iwe ndogo kabla haijafichwa. Ilibidi niifungue ile programu ya kutuma, ambayo sikuwa nimeigusa tangu nilipoimaliza. Nikasoma mwongozo wa kichujio kipya, na mwongozo ukasema usisahau kukung'uta mwishoni. Nikacheka, nikasema hilo nalijua tangu mashine ya Misunkumilo. Nikateremka hadi mwisho wa programu nione nilikoiandika.

Haikuwepo.

Nilipekua tena kutoka juu hadi chini. Nikajaribu orodha bila nyota, na mtu wa mwisho hakufika. Kipande cha mwisho cha safu yake kilibaki ndani ya kichujio, safu ikafika Mpanda ikiwa pungufu, na programu ya Mpanda, ambayo mimi mwenyewe niliifundisha kukataa safu pungufu, ikaitupa bila kusema neno. Nyota zangu ndizo zilizokuwa zinaliwa wakati wa majaribio. Kibaoni hawakuwa na nyota, walikuwa na watu.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Niliongeza amri ya kukung'uta, nikaijaribu, ikafanya kazi. Nikaituma Kibaoni pamoja na marekebisho mengine madogo, kimya kimya, na kwenye daftari la mabadiliko nikaandika "maboresho ya jumla". Sikumpigia Ladislaus. Nilijua angeuliza, na nilijua nilivyomjibu mara zile tatu. Niliona haya.

Kesho yake, kwenye orodha ya Kibaoni, mtu wa mwisho alikuwa Joji Kasanda, mwanaume, miaka arobaini. Kikopo chake hakikuwepo kwenye boksi. Kompyuta ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba sampuli haijaletwa. Keshokutwa akaja tena. Siku ya tatu tena. Kila siku ya kliniki Joji Kasanda alikwenda kituoni Kibaoni, akasubiri foleni nzima, akaandikishwa wa mwisho, akaondoka bila kutoa makohozi.

Mkuu wetu wa maabara wakati huo alikuwa Dokta Bahati, mama mkali, asiyecheka siku za kazi. Aliitazama ile nyekundu ikijirudia akasema huyu mtu ni hatari kuliko wote. Mtu anakohoa kiasi cha kwenda hospitali kila siku, lakini kupimwa anaogopa. Huko nyumbani anaambukiza wangapi? Akamwita Sospeter, kijana wetu wa kufuatilia wagonjwa waliopotea, akampa pikipiki na mafuta ya kutosha.

Safari ya Sospeter naijua kwa sababu ripoti yake niliichapa mimi. Kibaoni aliwakuta watu kwenye benchi akawauliza Joji Kasanda yuko wapi. Wakatazamana. Mmoja akasema ametoka sasa hivi. Sospeter akauliza ni mtu wa namna gani, wakasema wa wastani. Akaelekezwa kwenye maboma ya Wasukuma nje ya mji, na huko wakamwambia alikuwepo, lakini amehamia Litapunga, kafuata shamba. Litapunga walimwona kijana kwenye pikipiki ya serikali anamtafuta mtu, wakaona njia rahisi ya kumwondoa ni kumpa mtu. Mzee mmoja akasema kweli, Joji alipita jana, mfupi mnene, amebeba jogoo. Mwingine akasema si mnene, ni mrefu, na hakuwa na jogoo, alikuwa na baiskeli. Wote wakakubaliana kwamba ameelekea Misunkumilo. Misunkumilo ni hapahapa kwetu, kwa hiyo Sospeter alirudi alikoanzia, vumbi hadi kwenye nyusi, na chini ya ripoti aliandika: "Mgonjwa ana nguvu za kutosha."

Dokta Bahati hakucheka. Alisema mtu huyu sasa anatawanya kifua kikuu mkoa mzima, na akaagiza matangazo yaandaliwe. Matangazo niyachape mimi. Niliketi nikafungua rekodi ya Joji ili nichukue tarehe aliyoonekana mara ya kwanza, na ile tarehe nilipoiona niliacha kuchapa. Ilikuwa siku moja baada ya maboresho yangu ya jumla.

Asubuhi iliyofuata nilipanda gari la Kibaoni. Nilifika kliniki inakaribia kwisha, nikakaa kwenye benchi nyuma ya wengine, nimejifunika kanga mtu asinitambue. Watu waliitwa dirishani mmoja mmoja, wakaandikishwa, wakatoa vikopo vyao, wakaondoka. Wa mwisho alikuwa mama mmoja wa Kisukuma wa makamo, kaja na mjukuu wake anayekohoa. Mtoto akaandikishwa, kikopo kikapokelewa. Yule mama akarudi kwenye benchi akakaa.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma. "Si mmeshaandikwa? Mbona hamwendi?"

"Tunamsubiri Joji."

"Joji ni nani?"

Akanitazama kama mtu aliyeuliza jua ni nini. "Ni yule anayeliwa. Wa mwisho huwa analiwa na hiyo mashine. Zamani nilikuwa naliwa mimi. Natoka mbali, natembea tangu alfajiri, nikifika wenzangu wote wameshatangulia. Mara tatu nimetoa makohozi, mara tatu hakuna majibu. Nimekohoa mpaka mkwe wangu akaanza kugawa vyungu vyangu. Basi huyu kijana akamleta Joji awe nyuma yangu. Majibu yakaja, dawa nikapewa. Sasa nimepona, ng'ombe nachunga mwenyewe."

Kutoka dirishani nikasikia sauti ya Ladislaus, anatamka taratibu huku anachapa: "Joji. Kasanda." Kisha kibodi ikalia mara moja. Yule mama, ambaye jina lake ni Nyanzobe, akainuka, akamshika mjukuu mkono, wakaenda zao bila haraka. Mimi nilibaki pale peke yangu na aibu yangu.

Nilipoingia ndani Ladislaus hakushtuka. Alitoa daftari chini ya meza, lenye ule mwandiko wake mzuri. Alikuwa ameandika kila mgonjwa aliyepotea, jina na nafasi yake kwenye foleni. Wote walikuwa wa mwisho, na karibu wote walitoka mbali, maana anayetoka mbali ndiye anayefika mwisho. Kwenye ukurasa wa Nyanzobe alikuwa amepiga mstari mara tatu.

"Najua wanamtafuta Joji," akasema. "Sospeter alikuja hapa. Najua nitafukuzwa, dada. Kutunga mgonjwa ni kufukuzwa, imeandikwa hapo ukutani. Lakini nikiacha kumwandika, nani ataliwa? Leo angekuwa yule mtoto."

"Hakuna anayeliwa tena, Ladi. Nilisharekebisha."

"Lini?"

"Wiki ya nne hii."

Akafunga daftari. "Na hukuniambia," akasema. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Nilirudi Mpanda nikamkuta Dokta Bahati ameshapata taarifa, sijui kwa nani, kwamba Joji hayupo. Ladislaus akaitwa kwenye kikao cha nidhamu. Niliwaza sana siku zile, na sitawadanganya kwamba nilichowaza kilikuwa kizuri. Ile programu hakuna aliyeielewa zaidi yangu. Mzee Nswima alikuwa Sumbawanga. Kama ningenyamaza, Ladislaus angeonekana mtunga wagonjwa, na mimi ningebaki fundi hodari aliyeongeza kichujio cha kubana. Nilijaribu hata kujiambia kwamba Ladi ni kijana, atapata kazi nyingine. Mke wake alikuwa na mimba ya mtoto wa nne.

Kikaoni alisimama akiwa amevaa shati la kwaya. Akaulizwa kama ni kweli alikuwa anaandika mgonjwa asiyekuwepo. Akasema ni kweli. Akaulizwa kwa nini. Nilingoja aseme. Alinitazama mara moja, akatazama chini, akasema, "Niliona inasaidia. Nimekosa." Ndivyo alivyosema, basi. Mtu niliyemwambia mara tatu kwamba mashine haikosei, na hapo alipopata nafasi ya kunirudishia, hakunirudishia.

Nikainua mkono. Nikasema, "Joji Kasanda ni wa kwangu."

Kikao kizima kikanigeukia. Naamini kuna waliofikiri namaanisha mume. Nikaeleza. Nikaeleza vichujio, fungu la mwisho, nyota zangu arobaini, soksi la unga la Misunkumilo, simu tatu za Ladislaus na majibu niliyompa, na yale maboresho ya jumla. Nilitoa karatasi mbili, moja ya programu ya zamani na moja ya mpya, nikaonyesha mstari uliokosekana. Ulikuwa mstari mmoja. Dokta Bahati aliushika karibu na macho.

"Huu?"

"Huo."

"Kwa kukosekana huu, watu wangapi walibaki bila majibu?"

"Daftari la Ladislaus linao wote," nikasema. "Mimi sina. Mimi sikuhesabu."

Akaiweka karatasi mezani. Kisha akasema Ladislaus atapewa barua ya onyo kwa kutunga mgonjwa, na Skolastika atapewa barua ya onyo kwa kumsababisha mwenzake atunge mgonjwa. Kila mtu aliyeandikwa kwenye daftari atafutwe nyumbani kwake na kupimwa upya, na mafuta ya pikipiki yatatoka fungu la chumba cha kompyuta. Tulifanya hivyo, miezi mitatu, mimi nikiwa nimekaa nyuma ya Sospeter nimeng'ang'ania koti lake. Wengi tuliwakuta na wengi walikuwa wamepona au hawakuwa na kitu. Wawili walikuwa wagonjwa wakaanza dawa. Mmoja tulionyeshwa kaburi lake, na sijui hadi leo kama alikufa kwa kifua au kwa jambo lingine. Wenyewe hawakujua, na mimi sikuthubutu kuwauliza sana.

Lilibaki suala la rekodi ya Joji. Kompyuta haikubali mgonjwa aachwe wazi, lazima uchague mwisho wake: amepona, amehama, amefariki au amepotea. Nilimpelekea Dokta Bahati aamue. Nilitegemea atasema amepotea. Akatazama orodha ile kwa muda.

"Andika amepona," akasema. "Aliyekuwa anaumwa ni programu yako." Na hapo, siku ya kazi, saa nne asubuhi, Dokta Bahati akacheka.

Siku hiyo ndiyo niliyoifungua programu kwa mara ya mwisho, nikaiweka amri ya kukung'uta ndani ya amri nyingine na kuipa jina la kasanda. Kama mngefungua faili lake, ambalo naona hamkulifungua, mngekuta ndani yake kuna kukung'uta na hakuna kingine. Mnaweza kulibadilisha jina mkitaka, ila kwanza nendeni Kibaoni mkakae kwenye lile benchi.

Nami nilikwenda, mwezi uliopita. Tangu nistaafu nalima mpunga huko Mpimbwe, na vumbi la kupepeta limeniachia kikohozi kisichotaka kuondoka. Nikajiandaa nikaenda kituoni kama mgonjwa yeyote. Shamba liko mbali, nikafika nimechelewa, na kwenye foleni nikawa wa mwisho. Ladislaus ana mvi sasa na msaidizi wake, lakini dirisha ni lilelile. Aliniandika, akapokea kikopo changu kwa mikono miwili, akasema, "Haya mama, nenda kapumzike. Majibu kesho."

Nikarudi kwenye benchi nikakaa.

Alifunga kompyuta, akafunga kabati, akatoka nje akanikuta bado nipo. "Mama Skola, mbona huendi? Si ulirekebisha mwenyewe?"

"Nilirekebisha."

"Na ulijaribu."

"Nilijaribu mara mia."

Ladislaus akanitazama, na nikaona ameshaelewa. Hakurudi ndani kuwasha kompyuta. Alisimama pale mlangoni na funguo mkononi, akatamka jina lote kwa sauti, taratibu, kama zamani. Ndipo nikainuka nikaenda zangu.